Mapenzi ya Msimu Hayajengi Nyumba

Mtu akifika mikoa ya Mtwara na Lindi mwezi wa Oktoba huona nchi imechangamka. Mikorosho yaangusha matunda yake, na wakubwa kwa wadogo wako shambani tangu alfajiri wakiokota korosho, wakizitenga na mabibo na kuzianika juani. Kisha magunia yapelekwa kwenye ghala la chama cha msingi, mnada wafanyika, na baada ya siku za kungoja fedha zaingia. Fedha za mwaka mzima zaja karibu kwa mara moja. Maduka ya Newala, Tandahimba na Masasi yajaa bati, magodoro, pikipiki na doti za khanga, na usiku ngoma zalia. Hakuna ubaya wowote katika furaha hiyo. Mkulima aliyetoka jasho ana haki ya kufurahia mavuno yake, na Maandiko Matakatifu yenyewe hutumia furaha ya wavunaji kuwa mfano wa furaha ya watu wa Mungu.

Lakini pamoja na fedha huja jambo jingine, ambalo kila mwenyeji analijua ingawa ni wachache wanaolisema hadharani. Jambo hilo ni mapenzi ya msimu. Leo twataka kulitazama kwa utaratibu, si kwa kuwacheka watu, bali kwa sababu ndani yake zimo roho za Wakristu, yamo machozi ya akina mama, na wamo watoto ambao hawakuulizwa shauri.

Mtu asiyetaka kukua

Tuchukue mfano. Si habari ya mtu mmoja tumjuaye, ila ni picha ambayo wengi wataweza kujiona ndani yake. Yuko bwana mmoja wa miaka 41. Amebatizwa, amepata Kipaimara, na ana shamba la mikorosho alilorithi kwa babaye. Kila Novemba, akiisha kupokea malipo yake, hununua nguo mpya na kupata mchumba. Humwita mchumba, naam, lakini wazee wake hawajatumwa popote. Humpangishia chumba mjini, humchukua madukani, na kumwambia kwamba mwaka huu ametulia. Noeli hupita kwa shangwe. Januari fedha zaanza kupungua. Februari maneno mazuri yapungua nayo. Machi, mvua zinapokuwa nyingi na shamba la chakula linadai palizi, yule dada arudi kwao na begi lake. Hapakuwa na ugomvi mkubwa, wala hakuna aliyefukuzwa. Msimu umekwisha, basi. Oktoba ikirudi, yule bwana aanza upya na mwingine.

Wenzake aliosoma nao shule ya msingi sasa wana watoto wanaojiandaa kwa Kipaimara. Yeye bado aketi kijiweni pamoja na vijana wa miaka 20, nao humwita kijana mwenzao, naye jina hilo lampendeza. Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 ilimhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Kwa hesabu hiyo ujana wake ulikwisha miaka 6 iliyopita. Kwa hesabu yake mwenyewe hauna dalili ya kwisha.

Wasomaji wa Shinyanga, Simiyu na Mwanza wasiwacheke wenzao wa kusini, maana pamba nayo ina msimu wa kuuzwa, na fedha za pamba zina wachumba wake. Wale wa Kilimanjaro wanaijua safari ya Desemba. Mabasi yajaa watu wanaorudi nyumbani kwa Noeli, na miongoni mwao yumo bwana anayewaletea wazazi mchumba mpya kila mwaka, hata mama yake hathubutu tena kuuliza habari za yule wa mwaka jana. Wala si wanaume peke yao. Wako akina dada wanaojua idadi ya magunia ya mtu kabla hawajajua jina la babaye, na mali ikiisha huaga. Na wako watu, nayo ni huzuni kubwa zaidi, walio na wake wa ndoa nyumbani, ambao wakishika fedha za mavuno huwasahau mpaka zitakapokwisha. Hilo lina jina lake la tangu zamani katika Amri za Mungu, wala halihitaji kufafanuliwa.

Basi, mapenzi ya msimu ni nini hasa? Si kosa watu kupendana wakati wa mavuno. Ndoa nyingi njema zilianza kwa kuonana sokoni au ngomani. Mapenzi ya msimu ni kupendana kwa mapatano yasiyosemwa, kwamba nitakuwa wako maadamu mambo ni mazuri. Mwenye mapenzi hayo apenda mwanzo tu. Mwanzo ukigeuka kuwa maisha ya kila siku, yaani homa, madeni, uchovu na tabia ambazo hakuziona siku ya kwanza, yeye hukimbilia mwanzo mwingine. Hivyo ndivyo mtoto afanyavyo na mchezo: ukimchosha huuacha na kushika mwingine. Mtoto halaumiwi, kwa kuwa ndiyo hali yake. Lakini mtu mzima akifanya vivyo hivyo kwa binadamu mwenzake, tuseme nini? Wahenga walisema kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Atakayeishiwa asali ni yeye mwenyewe, na siku hiyo atakuwa mzee.

Hesabu ya miezi

Hebu tufanye hesabu ndogo. Mimba iliyotungwa Novemba, fedha zikiwa zimejaa mfukoni, huleta mtoto mwezi wa Agosti. Mwezi wa Agosti mikorosho iko katika maua, na fedha za mavuno yaliyopita zilikwisha zamani. Katika mwezi huo mtoto wa msimu huzaliwa: mwezi ambao baba yake hana kitu, naye yuko mbali, tena ameanza kuwaza juu ya Oktoba ijayo. Bibi mzaa mama ndiye anayempokea. Siku ya kuandikisha Ubatizo, jina la baba laulizwa, na watu hutazamana.

Mtoto huyo si wa msimu. Atakula Januari na atakula Julai. Homa itampata wakati wa mvua bila kungoja mnada. Shule itadai sare na madaftari, bei ya korosho iwe juu au iwe chini. Yeye ahitaji baba wa miezi 12 kila mwaka, na baba aliyempata ni wa miezi 4.

Sheria ya nchi haikunyamaza juu ya jambo hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humruhusu mama kwenda mahakamani ili baba wa mtoto atambuliwe na atakiwe kutoa matunzo, hata kama wawili hao hawakuoana. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo yasema kwamba mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka 2 au zaidi, hata watu wakawahesabu kuwa mume na mke, itachukuliwa kwamba wameoana mpaka ithibitishwe vingine. Sisi Wakatoliki twajua kwamba kukaa pamoja hakuwi sakramenti kwa kupita miaka. Hata hivyo, angalia jinsi mapenzi ya msimu yanavyomnyima mwanamke hata kinga hiyo ya sheria ya dunia. Amekaa miezi michache tu. Hawezi kudai kitu kama mke, na kijijini haheshimiwi tena kama mwali.

Wala tusisahau magonjwa. Anayebadili mwenzi kila mavuno husafirisha maradhi kutoka nyumba hata nyumba, na Ukimwi hauulizi mtu kama alikuwa na nia mbaya au alikuwa akijifurahisha tu.

Somo la mkorosho

Ajabu yenyewe ni hii: yule bwana, ambaye katika mapenzi ni mtoto, katika shamba lake ni mtu mzima kamili. Mkorosho haumpi mtu kitu mwaka ule anaoupanda. Mche hungoja miaka kama 3 ndipo uanze kuzaa, na ukitunzwa huzaa miaka mingi, hata wajukuu huokota korosho chini ya mti wa babu yao. Mavuno yakiisha, mkulima hupogolea matawi yasiyofaa na kupalilia. Tokea karibu mwezi wa Juni, machipukizi na maua yanapotoka, hunyunyizia salfa ili ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, usiyakaushe maua. Kazi hizi zote huzifanya katika miezi ambayo mti haumpi hata senti moja. Akiziacha, Oktoba hataokota kitu cha maana. Hakuna mkulima mwenye akili ambaye, korosho zikiisha, huuaga mti wake na kwenda kutafuta mwingine.

Pamba ni tofauti. Hupandwa, huchumwa, kisha mashina yake hung'olewa na kuchomwa moto, ili wadudu wasipate makao mpaka mwaka mwingine. Ndivyo ipasavyo pamba. Lakini binadamu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu hakuumbwa ili avunwe mara moja, kisha ang'olewe. Mke, na mume pia, ni kama mti wa kudumu. Hutunzwa miezi isiyo na mavuno, na utunzaji huo ndio mapendo yenyewe. Yule anayesema, “Nilimpenda sana, lakini baadaye mapenzi yalikwisha,” mara nyingi asema tu kwamba alifika kwenye miezi ya palizi akaweka jembe chini.

Wengi wetu twakumbuka mwaka 2018. Ulitokea mgogoro wa bei, na mwezi wa Novemba Serikali ikaamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likatumwa kuzisomba. Wakulima wengi walingoja malipo yao muda mrefu kuliko walivyozoea. Katika kungoja kule, nyumba zenye ndoa zilikuwa na jambo ambalo mapenzi ya msimu hayana, yaani mtu wa kungoja pamoja naye. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali hiyo twaijua tangu utoto. Yatupasa kuitumia tunapochagua mwenzi wa maisha.

Mtakatifu Paulo na Boazi

Mtakatifu Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, aeleza kwamba alipokuwa mtu mzima aliyaacha mambo ya utoto. Maneno hayo watu huyataja mara nyingi, lakini si wengi wanaoangalia yaliwekwa wapi. Hakuyaweka katika mafundisho juu ya kazi, wala juu ya elimu, wala juu ya utii. Aliyaweka katika sura ya 13, ndani ya fundisho lake juu ya mapendo. Tena, anapoanza kueleza mapendo ni kitu gani, sifa ya kwanza anayoitaja ni uvumilivu. Ndiyo kusema, kwa Mtume huyu, kupenda na kukua ni mambo yanayokwenda pamoja. Mtu hakui kwa kuota mvi, wala kwa kununua pikipiki, bali kwa kujifunza kupenda na kudumu.

Mfano mwingine watoka katika kitabu cha Ruthu, nao umetokea shambani, wakati wa mavuno. Ruthu alikuwa mjane, mgeni kutoka Moabu, maskini wa kuokota masazo nyuma ya wavunaji. Alifika Betlehemu pamoja na mama mkwe wake Naomi mwanzo wa mavuno ya shayiri. Boazi alikuwa mwenye shamba, mtu wa mali na heshima, wala hakuwa kijana tena. Aliwaagiza watumishi wasimguse mwanamke huyo, akampa maji na chakula, na kwa siri akaamuru masuke yaachwe ili aokote kwa wingi. Mambo yakaendelea hivyo mpaka shayiri na ngano zikaisha kuvunwa.

Kisha, kwa shauri la Naomi, Ruthu akaenda usiku kwenye uwanja wa kupuria nafaka, ambapo Boazi alikuwa amelala baada ya kula na kunywa na kufurahi, akajilaza miguuni pake. Wasomaji, fikirini. Ni usiku, ni mavuno, moyo wa mwanamume umechangamka, na mwanamke ni mgeni asiye na mtetezi. Kama Boazi angalikuwa mtu wa mapenzi ya msimu, kitabu kile kingekwisha pale pale. Lakini yeye alimwita binti, akamheshimu, akamweleza wazi kwamba yuko ndugu mwingine wa karibu zaidi mwenye haki ya kwanza, akaahidi kulimaliza jambo hilo kukipambazuka. Alfajiri alimpimia vipimo 6 vya shayiri ili asirudi kwa Naomi mikono mitupu. Na Naomi, aliyejua watu, alimwambia Ruthu atulie, maana bwana huyo hatapumzika mpaka amelimaliza jambo siku ile ile.

Ndivyo ilivyokuwa. Boazi alikwenda kwenye lango la mji, akawaketisha wazee 10, akasema mbele yao kwa sauti ya kusikika kwamba amtwaa Ruthu awe mke wake. Mtoto wao alikuwa Obedi, Obedi akamzaa Yese, na Yese akamzaa mfalme Daudi. Mtakatifu Mateo amewataja Boazi na Ruthu katika ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristu. Mapenzi yaliyoanza mavunoni yalifikishwa mbele ya wazee, na kutoka humo Mungu akautengeneza ukoo wa Mwokozi. Kwa hiyo tusiseme kwamba msimu ndio wenye kosa. Boazi naye alianza katika msimu. Tofauti yake na wengine ni kwamba asubuhi alikwenda langoni.

Kanisa lafundisha nini

Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 wafundisha, katika kanuni ya 1057, kwamba ndoa hufanywa na makubaliano ya mume na mke wenyewe, wala hakuna uwezo wa binadamu mwingine uwezao kuyashika mahali pake. Kanuni ya 1102 yaongeza kwamba ndoa iliyowekewa sharti juu ya mambo yajayo haiwezi kufungwa kwa uthabiti. Hebu tuitafakari kanuni hiyo. Asemaye altareni, “Nitakuwa mumeo mavuno yakiwa mema,” hajafunga ndoa hata kidogo. Kanisa halimkatalii kwa ukali, bali kwa sababu maneno yake hayakutoa kitu. Mtu hawezi kujitoa na kujizuilia kwa wakati mmoja. Na mapenzi ya msimu, hata yakiwa na zawadi nyingi, yote ni sharti la namna hiyo.

Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika wosia wake wa kitume Familiaris Consortio wa mwaka 1981, aligusa habari za watu wanaokaa pamoja kwa majaribio au bila kifungo chochote. Hakuziita njia hizo kuwa njema, lakini alikiri kwamba wengine husukumwa na umaskini, na desturi, au na kukosa mafundisho, akawataka wachungaji wawaendee kwa heshima, upendo na subira, wakiwaonyesha njia ya kurekebisha mambo yao. Nasi tungependa kuwaendea ndugu zetu kwa moyo huo.

Kisha tuondoe kosa moja. Hatusemi kwamba mtu asiyeoa hajakua. Wako wanaume na wanawake ambao hawakupata mwenzi, au wamejitoa kwa Mungu, au wamewalea wadogo zao yatima miaka yote, na hao ni watu wazima kuliko wengi wenye pete. Kukua ni kuwa na neno moja na kulitimiza. Mseja mwaminifu amekua. Mwenye wachumba 12 katika miaka 12 bado.

Visingizio

Yule bwana wetu ukimwuliza, ana majibu. La kwanza asema bado anajipanga. Twamwomba akae na kalamu, aandike fedha alizozitumia kwa pango la vyumba, kwa nguo, kwa uraka na bia, na kwa nauli, kwa miaka yote hiyo. Ataona amekwisha kulipia nyumba ambayo hana mahali pa kuionyesha.

La pili asema harusi ni ghali. Hapo ana sehemu ya ukweli, na sisi tulio wengine tunayo sehemu ya kosa. Tumeifanya harusi kuwa jambo la kamati, michango, kumbi na mapambo, hata kijana maskini aiogopa kama deni. Lakini Kanisa halimdai mtu ukumbi. Ili ndoa ifungwe, watakiwa mume na mke walio huru kuoana, askofu, paroko, au padre au shemasi aliyepewa ruhusa, na mashahidi 2. Kabla yake yapo maandalizi: hati za Ubatizo, mafundisho ya wachumba na kutangazwa kanisani. Sheria ya nchi nayo yataka taarifa ya nia ya kuoana siku 21 kabla. Katika mambo haya hakuna hata moja linalohitaji mavuno makubwa. Waliofunga ndoa Jumamosi asubuhi wakala wali na maharage pamoja na jirani zao, wana sakramenti ile ile waliyo nayo waliokodi magari 10.

La tatu asema mahari ni nzito. Wazazi wenzetu, hapa twawaambia ninyi. Mahari ni ishara ya heshima baina ya koo mbili. Ikigeuka kuwa bei, mnawasukuma watoto wenu kwenye vyumba vya kupanga. Heri kupokea kidogo kwa ndoa ya kweli kuliko kungoja kingi na kuletewa mjukuu asiye na baba.

La nne asema hajampata amfaaye. Huenda ni kweli. Lakini anayewaaga watu kila Machi atawezaje kumjua amfaaye? Mtu hajulikani katika fedha za Novemba. Hujulikana katika mvua za Februari, na yeye katika Februari zote alikuwa akitafuta mlango.

Tufanye nini?

Ndugu yetu uliyejiona katika picha hii, usikate tamaa wala usiikunje karatasi hii kwa hasira. Hujachelewa. Boazi naye hakuwa kijana. Nenda kwa Padre ukaungame, kisha tafuta kwanza watoto wako. Kabla ya kuwaza mchumba mpya, wafikirie wale waliozaliwa Agosti. Peleka jina lako na peleka matunzo, kidogo kwa kila mwezi, hata katika miezi isiyo na mnada. Huo ndio utakuwa mwanzo wa kukua kwako. Na kama mama wa mmoja wao bado yuko huru, nawe ungali na wema moyoni juu yake, tuma wazee.

Dada yetu, zawadi si ahadi. Mwanamume anayekutaka kweli ana baba, au ana mjomba, au ana wazee wa jumuiya, nao wana miguu ya kuwaleta nyumbani kwenu. Asiyeweza kuwatuma wazee mwezi wa Novemba akiwa na fedha, hatawatuma Machi akiwa hana. Na wewe uliyekwisha kuachwa na mtoto mkononi, usikae pembeni ya kanisa kama mtu aliyelaaniwa. Njoo Misani. Mlete mtoto abatizwe. Waendee maofisa wa ustawi wa jamii wakueleze haki ya mtoto wako, maana kudai haki ya mtoto si aibu.

Wazazi, tusijifanye hatuoni. Mzazi anayepokea kilo za sukari na doti ya khanga kutoka kwa mgeni wa Novemba bila kumwuliza, “Baba, wazee wako watakuja lini?” ameshiriki katika mapatano yale yasiyosemwa. Swali hilo halimfukuzi mwenye nia njema. Humfukuza asiye na nia tu, na kumfukuza huyo mapema ni hifadhi kwa binti yetu.

Na sisi wanajumuiya, katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristu, tuache kumsifu mwanamume kwa kubadili wachumba. Kicheko cha barazani ndicho kinachowalisha wengi wao. Tuwaalike kwenye sala bila kuwasimanga. Wenye ndoa za miaka 20 na 30 wawaeleze vijana, kwa maneno ya kweli, mwaka wao mgumu ulikuwaje na jinsi walivyoupita. Vijana wetu wameona harusi nyingi, lakini habari za mwaka mgumu wameelezwa mara chache.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika mahali petu, msimu ni upi: korosho, pamba, kahawa, sikukuu, au mishahara ya mwisho wa mwaka? Ni nani anayeumia msimu ukiisha?

2. Baba na mama wawaeleze watoto wao wakubwa: ni mwezi gani wa maisha yenu uliokuwa wa palizi, na nani alibaki na jembe?

3. Katika jumuiya yetu yuko mtoto ambaye jina la baba yake halijaandikwa? Wiki hii twaweza kumfanyia nini yeye na mama yake?